Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mito: ulizeni mashapo kabla ya kupiga mhuri

Kwenu mnaopitisha ramani za mafuriko, mnaotoa vibali vya ujenzi mabondeni na mnaotia saini michoro ya mabwawa, madaraja na kalvati,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni miongoni mwa wale wanaochimba kingo za vijito ili kusoma mashapo, yaani mchanga, tope na mawe yaliyoachwa na maji, na nina neno kuhusu namba moja ambayo haikosekani kwenye faili la mradi wowote wa kando ya mto. Namba hiyo huitwa mafuriko ya miaka 100. Huandikwa kwa mita za ujazo kwa sekunde, nayo ndiyo inayoamua daraja liinuliwe kiasi gani, kalvati liwe na upana gani, na mstari wa hatari upite wapi kwenye ramani. Mkishaipigia mhuri, inageuka sheria. Nani kati yenu amewahi kuuliza imetoka wapi?

Mara nyingi imetoka kwenye kituo cha kupimia maji chenye kumbukumbu za miaka 30 au 40. Kwenye vijito vidogo, ambako hakuna kituo, huazimwa kutoka bonde la jirani au hutolewa kwenye fomula ya mvua. Mtaalamu anapanga vipimo vyake, anachora mkunjo wa kuonyesha mafuriko ya ukubwa gani hurudi baada ya muda gani, kisha anauendeleza mbele kupita pale data zilipokomea. Sehemu ile ya mkunjo inayoning'inia hewani ndiyo mnayojengea. Simlaumu mtaalamu, maana ametumia alichopewa. Ila kwa miaka 40 kijito kinaweza kukaa na adabu zake zote, na wahenga walishatuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Niseme pia, kwa sababu jambo hili bado linawachanganya hata watu wenye vyeo, kwamba mafuriko ya miaka 100 hayaweki miadi kila baada ya karne. Maana yake ni kwamba kila mwaka uwezekano wake ni asilimia 1. Mwenye nyumba atakayeishi kwenye mstari huo kwa miaka 30 ana uwezekano wa takriban asilimia 26 wa kuyaona. Hapo tumechukulia kwamba namba yenyewe ni sahihi. Ikiwa imekosewa, hesabu yote inaanguka pamoja nayo.

Na namba hukosewa. Mto Ahr wa Ujerumani ni mdogo, urefu wake ni kama kilomita 85. Mwezi Julai 2021 ulifurika usiku, na zaidi ya watu 130 wakafa katika bonde lake. Kwenye kituo cha Altenahr, hesabu rasmi ya mafuriko ya miaka 100 ilikuwa takriban mita za ujazo 240 kwa sekunde, ikitegemea vipimo vilivyoanza katikati ya karne ya 20. Usiku ule kituo chenyewe kilisombwa. Linaloniuma ni hili: mto huohuo uliua watu 63 mwaka 1804, na mwaka 1910 ukaua tena watu zaidi ya 50. Wanajiografia Thomas Roggenkamp na Jürgen Herget walikuwa wameshakadiria, miaka kadhaa kabla ya janga, kwamba kilele cha 1804 kilifika karibu mita za ujazo 1,100 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya namba iliyokuwa kwenye ramani, na mafuriko ya 2021 yalikuja kukaribia kiwango hichohicho. Habari ilikuwepo, na imeshachapishwa. Haikuingizwa kwenye hesabu kwa kuwa haikutoka kwenye kifaa cha kupimia.

Bonde la Ahr lilibahatika kuwa na watu walioandika na kuweka alama kwenye kuta. Vijito vingi duniani havina karani wala ukuta wa zamani. Huko kinachobaki ni mchanga, tope, mawe na miti, na hivyo ndivyo ninavyotaka tuvizungumzie.

Mafuriko makubwa yanapopita kwenye bonde jembamba, maji ya katikati hukimbia kwa kasi ya kubeba mchanga na changarawe. Pembeni mambo ni tofauti. Kwenye mdomo wa kijito kinachoingia, nyuma ya jabali lililochomoza, chini ya mwamba ulioinama au ndani ya pango, maji huzunguka, hupoteza nguvu na kutua. Mchanga laini na tope vilivyokuwa vinaelea hushuka chini. Mto ukishapungua, tandiko hilo linabaki pale juu, mahali ambapo maji ya kawaida hayafiki kabisa. Miaka inapita, majani yanalifunika, vumbi linalijia, vipande vya mwamba vinadondoka, mizizi inalitoboa. Halafu gharika nyingine inaweka tandiko lake juu ya lile la kwanza. Ukichimba ukuta wima kwenye lundo hilo, unaona matabaka: mchanga, ngozi nyembamba ya tope, majani yaliyooza, kisha mchanga tena. Kila tabaka la mchanga lina gharika yake.

Kimo cha tandiko kinasema maji yalifika angalau hapo. Neno *angalau* lina uzito, kwa kuwa uso wa maji ulikuwa juu ya mashapo, na wakati mwingine juu sana. Tena lundo lina ujanja wake. Kadiri linavyokua, kizingiti cha kuingia kinapanda. Gharika ambayo ingeacha alama miaka 2,000 iliyopita huenda leo isifike juu ya lundo, na isiandikwe. Ndiyo sababu hatuchimbi sehemu moja tukarudi nyumbani. Tunatafuta malundo ya vimo mbalimbali kwenye kipande kimoja cha kijito, tuyalinganishe.

Miti nayo hutoa ushahidi, na kwa usahihi ambao mchanga hauwezi. Gogo au jiwe linalobebwa na maji likigonga shina upande unaotazama mto unakotoka, gamba linachubuka na mti unajiponya kwa kuzungushia kovu mbao mpya. Katika miti inayoweka pete kila mwaka, ukihesabu pete hadi kwenye kovu unapata mwaka wa mafuriko, wakati mwingine hata msimu. Kasoro yake ni umri, maana mti hautakusimulia yaliyotokea kabla haujaota.

Umri wa matabaka tunaupata kwa njia kadhaa. Kipande cha makaa, mbegu au kijiti kilichofukiwa hupimwa kwa kaboni 14, ambayo nusu yake huisha kila baada ya miaka 5,730, na hivyo inatufikisha hadi miaka 50,000 hivi nyuma. Hapa pana mtego: makaa yanaweza kuwa yalilala mlimani miaka mingi kabla ya kuchukuliwa na maji, kwa hiyo umri wake unaweza kuzidi umri wa gharika. Mbegu na vijiti vyembamba, vinavyooza upesi, ni mashahidi waaminifu zaidi. Pasipo mabaki ya mimea, hupimwa chembe za mchanga zenyewe, kwa mwanga hafifu zinaoutoa maabara, ambao unaonyesha ni lini ziliangaziwa na jua mara ya mwisho. Na kwa matabaka ya karibuni kuna sesiamu 137, chembe yenye mionzi iliyosambazwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya angani kuanzia miaka ya 1950. Tabaka lenye sesiamu hiyo halikuwekwa enzi za mababu zetu.

Basi tuna kimo na tuna umri. Mhandisi wenu atauliza, kwa haki kabisa, ni maji kiasi gani. Tunapima umbo la bonde kwa mikato kadhaa, mteremko, na jinsi sakafu na kingo zinavyokwaruza na kuyapunguza maji kasi, kisha tunaendesha hesabu zilezile za kihaidroliki anazotumia yeye kwenye daraja lake, pamoja na kanuni ya Manning ya kukokotoa kasi ya maji, anayoijua tangu chuoni. Tunayapandisha maji kwenye kompyuta hadi uso wake uguse mashapo na makovu. Mtiririko unaofanya hivyo ndio mtiririko wa chini kabisa wa gharika ile. Kwenye bonde la mwamba, ambako umbo halibadiliki upesi, jibu huwa zuri. Kwenye kijito cha udongo, kinachohamahama na kujichimba, mashaka huongezeka, na ripoti yoyote isiyoonyesha mashaka hayo irudisheni kwa aliyeileta.

Mfano wa zamani katika fani hii ni mto Pecos, jimbo la Texas. Juni 1954 mabaki ya tufani Alice yalimwaga mvua, na kilele cha mto kikafika karibu mita za ujazo 27,000 kwa sekunde. Waliojaribu kukadiria gharika hiyo hurudi baada ya muda gani, wakitumia vipimo vya kituo peke yake, walipata majibu kuanzia chini ya karne moja hadi mamilioni ya miaka. Fikirieni ofisi inayopaswa kuamua kitu kwa majibu ya namna hiyo. Wanajiolojia Craig Kochel na Victor Baker walikwenda kwenye mapango na midomo ya vijito vya bonde lile, wakachimba na kupima umri wa matabaka ya maelfu ya miaka. Hapo tu ndipo 1954 ilipopata mahali pake: gharika ya nadra, ambayo marudio yake yanazidi miaka 2,000. Makala yao ya 1982 ndiyo iliyoupa uchunguzi huu jina na nguvu.

Najua mnachohofia. Mnadhani kila mjiolojia akiingia bondeni atatoka na namba kubwa zaidi, na gharama zitapaa. Hofu hiyo inasahau nusu ya kazi yetu. Kando ya kijito mara nyingi kuna tambarare zilizoinuka, zenye udongo uliokomaa. Udongo wa namna hiyo huchukua maelfu ya miaka kutengeneza rangi na matabaka yake, na maji mengi yakipita juu yake huukwangua au huufukia. Tukiukuta mzima, tunajua kwamba kwa muda wote huo hakuna gharika iliyofika hapo kwa kina cha kuleta uharibifu. Hicho ni kikomo cha juu, na kituo cha kupimia maji hakiwezi kukupa kikomo cha juu hata kikikaa karne nzima. Idara ya Marekani inayosimamia mabwawa ya maeneo makavu ya magharibi, Bureau of Reclamation, imetumia ushahidi wa aina hii kwa miongo kadhaa kupima usalama wa mabwawa yake. Kuna bwawa linalohitaji utoro mpana zaidi wa kupitishia maji ya ziada, na kuna ambalo upanuzi wake ungekuwa fedha iliyotupwa. Mashapo husaidia kuyatenganisha.

Chukulieni kijito chenye vipimo vya miaka 40, ambapo mtiririko mkubwa kuliko yote ulikuwa mita za ujazo 300 kwa sekunde. Malundo ya mchanga yanaonyesha kwamba katika miaka 1,500 gharika nne zilivuka 500. Udongo wa tambarare ya juu unaonyesha kwamba katika miaka 2,000 hakuna iliyovuka 900. Maelezo hayo mawili, hata yakiwa na mashaka ya asilimia 20 huku na huku, yanaushika ule mkunjo uliokuwa ukining'inia. Hauwezi tena kwenda utakako. Mbinu za kitakwimu za kuchanganya habari hizi na vipimo vya kawaida zipo na zimekubalika. Mwongozo wa serikali kuu ya Marekani wa kukadiria marudio ya mafuriko, Bulletin 17C, uliotolewa 2018, una nafasi kwa mitiririko inayojulikana kwa vizingiti, au kwa kiwango cha chini na cha juu, badala ya namba moja. Kwa hiyo jibu la "hatuna pa kuingiza data zenu" limepitwa na wakati.

Kuna maeneo ambako hata hesabu hazihitajiki. Tarehe 7 Agosti 1996, kwenye milima ya Pyrenees nchini Hispania, kijito cha Arás karibu na Biescas kilishuka kwa ghafla na kupita katikati ya kambi ya watalii. Watu 87 walikufa. Kambi hiyo ilikuwa imejengwa juu ya feni ya mashapo, yaani lile eneo pana lenye umbo la upepeo linalofanyika pale kijito cha mlimani kinapotoka kwenye korongo na kutapika mzigo wake. Feni yote, kuanzia chini hadi juu, ni mawe na mchanga wa gharika zilizopita. Hapo hapakuhitajika maabara. Aliyetoa kibali alikuwa amesimama juu ya ushahidi. Vizuizi vingi vilivyojengwa juu kwenye korongo ili kukituliza kijito vilivunjika na kuongeza mzigo wa mawe, na miaka baadaye mahakama iliamua kwamba mamlaka zilipaswa kulipa fidia. Watia saini vibali, hili la mwisho linawahusu nyinyi binafsi.

Sitaki kuuza fani yangu kama dawa ya kila ugonjwa. Kuna vijito ambavyo havihifadhi chochote, kwa kuwa kila gharika hufuta ya kabla yake. Majabali makubwa yaliyokaa katikati ya bonde huwavutia watu kukokotoa kasi ya maji kwa ukubwa wao, lakini mengi yaliletwa na mporomoko wa tope na mawe ambao maji yake ni machache. Anayeuchukulia mporomoko kama mto hupata mtiririko mkubwa kupita kiasi, na makosa hayo yameshaingia kwenye kumbukumbu rasmi za nchi mbalimbali. Mtu mzoefu huitofautisha mizigo hiyo miwili: kwenye mporomoko mawe na tope huchanganyika bila mpangilio na kuacha matuta pembeni, ilhali maji huyapanga mashapo kwa ukubwa. Kwa hiyo mkiajiri, ajirini anayejua tofauti hiyo, na mumlazimishe aiandike.

Nafika kwenye pingamizi zito kuliko yote. Hali ya hewa inabadilika, mnasema, basi gharika za miaka 3,000 iliyopita zinatuhusu nini? Ningekubali kirahisi kama vipimo vya miaka 40 iliyopita vingekuwa vimesalimika na pingamizi hilohilo. Havijasalimika. Tena mashapo yana la kusema hasa kuhusu mabadiliko. Mwanajiografia James Knox alichunguza matabaka ya miaka 7,000 kwenye vijito vinavyoingia sehemu ya juu ya mto Mississippi wa Marekani, na mwaka 1993 akaonyesha katika jarida la Nature kwamba ukubwa wa mafuriko ulibadilika sana huku wastani wa joto ukisogea nyuzi 1 hadi 2 tu, na mvua ya mwaka ikibadilika kwa asilimia 10 hadi 20 au chini ya hapo. Mabadiliko madogo ya hali ya hewa yalitosha kukigeuza kijito kuwa kitu kingine. Kwa anayepanga miundombinu ya kudumu miaka 80, sijui habari gani ingekuwa na manufaa zaidi. Gharika ya kale haikuahidi kurudi vilevile. Inachothibitisha ni kwamba bonde hili, kwa umbo na mteremko wake huu, limeshawahi kupitisha maji kiasi hicho, na mkadiriaji anayesema haiwezekani ameshajibiwa.

Ninachoomba hakihitaji wizara mpya. Kwa mradi wowote ambao kuanguka kwake kutaua watu, mwombaji aambatishe uchunguzi wa mashapo ya gharika za kale kwenye kipande husika cha kijito. Akisema hakuna mashapo yanayosomeka, aonyeshe alipotafuta. Ripoti itoe makadirio ya chini na ya juu, na ieleze umri ulipatikanaje. Feni za mashapo zichorwe kwenye ramani zenu kama maeneo ya hatari hata pasipo kumbukumbu ya maafa, kwani ziko hapo kwa sababu maafa yalitokea. Kwa miradi midogo, siku moja ya mjiolojia mwenye koleo inatosha kusema kama kuna sababu ya kuendelea kuchimba. Gharama yake ni sehemu ndogo mno ya bei ya daraja.

Halafu kuna suala la kuulinda ushahidi wenyewe. Machimbo ya mchanga hupenda malundo yaleyale tunayoyasoma, kwa sababu mchanga wake umeshachujwa na maji. Barabara za kuingilia kwenye miradi hukatwa kwenye kingo zilezile. Nimeona ukuta wa matabaka ukipakiwa kwenye lori kwa asubuhi moja, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Mnaotoa leseni za machimbo, wekeni sharti la kupima na kupiga picha kingo kabla ya kuchimba, na mziache zile chache zenye matabaka mengi. Zikishaondoka hazitengenezeki tena.

La mwisho mnaweza kulianza bila kusubiri kikao. Mafuriko yajayo yakipita, kabla magreda hayajaingia kusafisha, tumeni watu wawili wenye rangi na kifaa cha kupimia vimo. Wapite kwenye kipande cha kijito wakitia alama kwenye mstari wa tope ukutani, takataka zilizonasa matawini na ukingo wa juu wa mchanga mpya. Alama hizo hufutwa na mvua ya kwanza. Zikipimwa, tutajua mashapo mapya yalibaki kiasi gani chini ya uso halisi wa maji, na tofauti hiyo ndiyo tunayoihitaji ili kurekebisha makadirio ya gharika zote za kale kwenye kijito hicho. Bila hiyo tutaendelea kuandika *angalau*.

Wenu katika kazi,
Msomaji wa kingo za vijito